Mtandao wa Hewani Usiolala: Utatufaa Nini Bondeni?

Kama unasoma maandishi haya peke yako, keti mahali penye mwanga. Kama unawasomea wenzako kikundini, soma polepole, na ukifika mahali pagumu rudia.

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya intaneti ya hewani, na hasa ile isiyozimwa, inayokuwapo usiku na mchana, nyumbani na shambani, bila waya na bila kungoja. Najua yupo mzee ameshaguna: "Sisi tunataka barabara isiyokatika masika, huyu anatuletea mambo ya simu!" Mzee wangu, una haki ya kuguna. Lakini nivumilie kidogo, maana jambo hili lina mkono wake katika mpunga wako, katika mto wako, na hata katika mbu anayekuuma usiku.

Tuanze na redio yenyewe. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini waliketi katika vikundi, wiki hata wiki, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini redio ina kasoro moja, nasi watu wa redio tunaijua vizuri: inasema tu, haisikii. Kikundi kilichokuwa na swali kiliandika barua. Barua ikangoja basi, basi likangoja barabara ikauke, na jibu lilipofika msimu ulikuwa umepita. Basi, intaneti ya hewani ni redio iliyopewa masikio. Wewe nawe unasema, na mtu wa mbali anasikia saa ileile.

Inakuwaje? Tuseme umepiga picha ya jani la mpunga ukaituma. Simu inaikata picha ile vipande vidogo vidogo vya hesabu, na kila kipande kinaandikiwa anuani ya kule kinakokwenda. Vipande hivyo vinaruka hewani mpaka mnarani, kwa mawimbi ya jamii moja na yale yanayoileta sauti ya redio. Mnara wa kijijini mara nyingi huvirusha kwa mnara mwingine, kwa ule ungo wa mviringo unaouona juu, mpaka vifike penye faiba. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na ndani yake habari hukimbia kwa mwanga. Uzi huo unafika Dar es Salaam, na tangu mwaka 2009 ziko nyaya kubwa zilizolazwa chini ya bahari zinazotuunganisha na nchi za nje. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi satelaiti zilizo juu mno, karibu kilomita 36,000, nazo zilikuwa ghali na nzito. Siku hizi ziko satelaiti nyingine zinazozunguka chini zaidi, kilomita zipatazo 550. Jirani zetu wa Kenya walianza kuuziwa huduma ya namna hiyo mwaka 2023.

Huna haja ya kukumbuka yote hayo. Fikiria mfereji wa kumwagilia. Banio linaweza kuwa zuri na mfereji mkuu ukawa mpana, lakini kama kijito cha kuingia jarubani mwako kimeziba, mpunga wako utakauka huku wa mwenzako unanawiri. Ndiyo maana mtu wa Ifakara mjini anatazama picha zinazocheza, na wewe shambani unapanda kichuguu na kuinua simu juu kama anayeomba mvua. Makampuni hupeleka minara penye wateja wengi. Kwa sababu hiyo Serikali ilianzisha, kwa sheria ya mwaka 2006, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kusudi mawasiliano yafike na kule ambako kampuni haioni faida ya haraka.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Kununua kifurushi cha saa moja si sawa na kuwa na mtandao usiozimwa. Kifurushi cha saa moja ni kama basi: unapanda, unashuka, limekwenda. Mtandao usiozimwa ni kama barabara iliyopita mlangoni. Hata ukiwa umelala, inapitisha watu. Na mambo makubwa ninayotaka kuyasema leo ni yale yanayopita ukiwa umelala.

Lakini tuanze na la mchana. Tuseme ni mwezi wa Februari. Mpunga wako umeshika vizuri, na siku moja unaona manjano. Jirani anasema, "Mpunga wako una njaa, utie urea." Unauza mbuzi, unanunua mfuko, unamwaga. Wiki mbili baadaye manjano yamezidi. Kumbe haikuwa njaa. Ilikuwa kimyanga.

Kimyanga ni ugonjwa wa virusi. Wataalamu waliutambua kwanza Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, na tangu hapo umetembea nchi nyingi za Afrika. Huenezwa na wadudu wa jamii ya mbawakawa, na pia na mikono yetu na zana zetu zilizoshika utomvu wa mche mgonjwa. Dawa ya kuuponya haipo. Urea haiusaidii kitu. Mche mgonjwa hung'olewa na kuteketezwa, zana huoshwa, machipukizi ya mpunga wa zamani na magugu ya nyasi husafishwa kabla ya msimu, na mbegu inayostahimili hutafutwa. Sasa, utautofautishaje na njaa? Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani makuukuu ya chini, na manjano yake ni ya jani zima, tena huenea shamba kwa upana. Kimyanga huonekana kwenye majani machanga, nayo hupata madoadoa na michirizi ya manjano na kijani kufuata urefu wa jani. Mche hudumaa, tena shambani hutokea kwa mabaka: hapa mzima, pale mgonjwa. Suke hutoka kwa shida na kujaa mapepe.

Wewe unayasoma haya kivulini na unaona ni rahisi. Shambani si rahisi. Hapo ndipo Bwana Shamba anapotakiwa, naye ana vijiji vingi na pikipiki moja, kama anayo. Penye mtandao, unampelekea picha saa nne asubuhi, na mchana amekwisha kuijibu, au ameipeleka kwa watafiti wa TARI Ifakara, kile kituo ambacho wengi bado tunakiita KATRIN. Piga picha tatu: moja ya jani changa kwa karibu, moja ya jani la chini, na moja ya jaruba zima ukiwa umesimama kwenye tuta. Jua liwe mgongoni mwako. Mkono usitetemeke. Na usidhani picha ni hukumu ya mwisho, maana virusi havionekani kwa kamera. Wakati mwingine lazima mtaalamu achukue jani lenyewe akalipime. Lakini picha imekuokolea mbuzi.

Hebu sasa tazama upande wa mtafiti. Zamani alikuja mara moja kwa msimu, akatembelea mashamba machache yaliyo karibu na barabara, kwa sababu gari lake halikuweza kwenda kwingine. Akaandika, akaondoka. Kama wakulima 30 wa Mofu wanampelekea picha zenye tarehe na mahali zilipopigwa, anaona jambo ambalo hakuliona maishani: ugonjwa ulianzia jaruba lipi, ukaelekea wapi, ukafika lini. Mkulima hahesabiwi tena kama mti. Yeye ndiye macho ya utafiti. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote, ingawa watu wengi wanapoongea juu ya intaneti wanaongea juu ya bei na nyimbo tu.

Ipo pia programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania kule Marekani pamoja na watafiti wa IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia, kwa Kiswahili, kama inaona dalili za batobato au ugonjwa mwingine. Nimeitaja kwa sababu moja: inafanya kazi hata pasipo na mtandao, maana akili yake imewekwa ndani ya simu yenyewe. Mtu akikuletea programu yoyote, muulize kwanza: mtandao ukikatika, itafanya kazi? Akishikwa na kigugumizi, umeshapata jibu.

Twende mtoni. Mto wetu wa Kilombero unakusanya maji ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na vijito visivyohesabika vinavyoshuka Udzungwa. Peke yake unatoa zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji. Bonde lake la mafuriko limo katika orodha ya dunia ya ardhi oevu, ile ya Ramsar, tangu mwaka 2002. Ungedhani mto mkubwa namna hii unapimwa kila siku kama mgonjwa wa homa. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa maji ya eneo hili lote, lenye kilomita za mraba zaidi ya 40,000. Walitumia kompyuta na picha za satelaiti. Lakini ili wajue kama hesabu zao zinafanana na mto wenyewe walihitaji vipimo vya maji vya kweli, na vile walivyovitumia vilikuwa vya miaka ya 1958 hadi 1970.

Rudia kuzisoma tarehe hizo, ndugu yangu. Mtu aliyeshuka mtoni pale Swero, karibu na Ifakara, kabla ya Uhuru, akatazama namba kwenye kipimo na kuziandika daftarini, ndiye aliyewafaa wataalamu wa kompyuta karibu miaka 60 baadaye. Katikati hapo mto haukuacha kupanda na kushuka. Ulipanda, ulishuka, ulizoa mpunga wa watu.

Sasa uko uwezekano wa kuweka kipimo kinachojisomea. Ni kijisanduku kinachofungwa darajani juu ya maji, chenye kibao cha sola na laini ya simu kama yako. Kila robo saa kinapima umbali mpaka kwenye maji, kinaituma namba hiyo, kinanyamaza. Namba moja ni ndogo mno. Picha moja ya harusi inakula kifurushi kuliko vipimo vya mwezi mzima. Lakini kinahitaji mtandao uwepo saa zote, kwa sababu mto haupandi saa za kazi. Ukipanda saa nane za usiku kule juu, maji yanahitaji muda kuteremka, na muda huo ndio wa kuhamisha mpunga uliorundikwa tambarare, nyavu, mtumbwi na watoto walioko vibandani. Masika ya mwaka 2024 yaliyotapisha Kilombero na Rufiji yalituonyesha thamani ya saa chache.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kibao cha sola kikiwa peke yake darajani kinatamanisha. Kama kijiji hakikuelezwa kile kitu ni cha nini, siku tatu tu kitakuwa kinawasha redio ya mtu. La pili ni zito zaidi: habari ikifika ofisini Iringa kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na kuishia hapo, imemfaa mtafiti, haijakufaa wewe. Habari lazima irudi. Irudi kwa ujumbe wa simu kwa mwenyekiti wa kijiji, na toka kwa mwenyekiti iende kwa kengele ya kanisa, kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa mjumbe mwenye baiskeli. Hatua ya mwisho haina intaneti, ina miguu.

Nilisema pia juu ya mbu. Ifakara ni mahali panapojulikana duniani kwa utafiti wa mbu na malaria. Mswisi Rudolf Geigy alifika mwaka 1949, maabara ikajengwa mwaka 1957, na ndiyo iliyokua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1996 watumishi wa utafiti huo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga, kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Miaka ya mwanzo kila jibu liliandikwa kwenye karatasi, karatasi zikabebwa mpaka Ifakara, na pale mtu akazichapa upya kwenye kompyuta. Karatasi ililowa, namba ikasomwa vibaya, saba ikawa moja. Jibu linapoandikwa moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, makosa ya kuchapa upya yanakoma, na penye mtandao msimamizi anaweza kugundua kosa siku ileile, mwulizaji angali kijijini.

Na liko jambo jipya zaidi, nalo nakiri nilicheka nilipolisikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na wenzao wa Ifakara, walifundisha simu kumtambua mbu kwa mlio wake. Mbu hupiga mabawa mara mamia kwa sekunde moja, na kila aina ina sauti yake. Wanachukua simu ya bei ndogo, wanaiweka kwenye chandarua kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na usiku inarekodi. Mwaka 2021 walitoa mkusanyo wa saa zipatazo 20 za sauti, zenye mbu wa aina 36. Simu ikipata mtandao, inapeleka sauti hizo kwenye kompyuta kubwa inayochambua: huyu ni yule anayebeba malaria, huyu ni msumbufu tu. Kwetu jambo hilo si la mchezo, maana sote tunajua wakati wa kulima na kulinda ndege watu huhamia vibandani shambani, mbali na zahanati, na mbu wa huko hawana mtu wa kuwahesabu.

Lakini simu inayomsikia mbu chumbani mwako yaweza kukusikia na wewe. Usione haya kuuliza. Inarekodi nini kingine? Sauti inakwenda wapi? Nani ataisikiliza, na itafutwa lini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nayo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje. Mtafiti wa afya wa kweli ana kibali, na atakuomba ridhaa yako kwanza, kwa sahihi au kidole gumba. Ukikataa, hapaswi kukunyima huduma yoyote. Na mimi ningeongeza swali moja ambalo halimo katika fomu nyingi: matokeo mtatuletea lini?

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu mengi unayajua. Mlanguzi akija na gunia la lumbesa akakuambia bei imeanguka, ukiwa na mtu wako Tandale utajua papo hapo kama ni kweli. Minada ya kidijitali ya ufuta na korosho iliyofanyika mwaka 2024 ilionyesha kuwa mnunuzi anaweza kushindana bila kufika ghalani. Mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23 inategemea uandikishaji na namba inayokuja kwenye simu. Hapo ninalo jambo: ikiwa nyumbani simu ni moja, nayo imo mfukoni mwa baba, basi namba ya mbolea, bei ya soko na tahadhari ya mto vyote vimo mfukoni mwa baba. Mama analima jaruba lilelile, lakini hana habari. Jambo hilo mnara peke yake hauliondoi.

Matapeli nao hawalali. Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" ukija, usijibu. Ipeleke namba ya tapeli kwenda 15040. Piga *106# uone kama hakuna laini ya mtu mwingine iliyoandikishwa kwa kitambulisho chako.

Tena usiweke mayai yote katika kikapu hiki kimoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika, na Tanzania yote ikapungukiwa intaneti kwa siku kadhaa. Watu wa mjini walihangaika kama kuku waliopotelewa na banda. Kwa hiyo daftari lako la shamba, lenye tarehe ya kupanda, mvua ya kwanza, magonjwa na mavuno, endelea kuliandika kwa kalamu. Umeona lile la Swero lilivyowafaa watu.

Sasa ninyi mlio kikundini, kabla hamjaondoka zungumzeni mambo haya. Katika mashamba ya Mofu, ni sehemu zipi simu inashika na zipi haishiki? Mzichore kwenye karatasi, mzipeleke kwa mtendaji wa kata, maana anayeomba mnara bila kuonyesha mahali anajibiwa kwa maneno matupu. Kisha: mto ukipanda usiku, habari itaanzia kwa nani, na itafika kwa nani wa mwisho? Yule wa mwisho ana simu? Na tatu, kati yenu ni nani mwenye simu ya picha aliye tayari kuwapigia wenzake picha za majani, na mtamchangia nini cha kifurushi?

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kuhifadhi mpunga ghalani, unyevu na panya. Kwaherini kwa leo.